Picha Ambayo Hamtaiona

 Leo ni zamu yangu. Najua wengi mnaweka maandishi na picha juu yake. Mimi leo sina picha ya kuweka, na mkifika mwisho mtajua ni kwa nini. Lakini habari yenyewe ni ya picha. Ni habari ya watu wanaopigwa picha pamoja na wanyama, na nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili nisionekane kama mwalimu.

Mwaka juzi nilikuwa najitolea kwenye mradi wa mbuzi hapa Nakivale. Miradi ya namna hiyo mnaijua: familia inapewa mbuzi jike mmoja, akizaa, mtoto wa kwanza jike anapelekwa kwa familia nyingine, wanaofuata ndo wako. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina na kuangalia mabanda. Na kwa sababu simu yangu ina kamera nzuri kidogo, nikapewa na kazi ya picha za ripoti. Nikaambiwa: tunataka wanufaika ishirini, kila mmoja na mbuzi wake, watabasamu, fulana ya mradi ionekane. Ishirini kwa siku moja, kwa boda moja, na fulana zenyewe zilikuwa tatu tu. Tulikuwa tunamvua huyu, tunamvika yule.

Nyumba ya kumi na nne ilikuwa ya mama mmoja mzee ambaye mtaani kwetu anaitwa Mama Subira. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Huyu alipofika kambini hakutaka kuitwa hivyo tena, na sababu yake si ya kuandikwa hapa. Alipopata mbuzi akampa jina Subira. Watoto wa majirani wakaanza kumtania, Mama Subira, Mama Subira. Yeye akacheka, na jina likakaa.

Siku ile aliniambia, "Ngoja nivae kwanza kitenge." Nikamjibu, "Hakuna haja, mama, vaa tu fulana juu ya nguo." Dereva wa boda alikuwa ananipigia honi. Subira aliogopa ule mlio, akaanza kuvuta kamba, na mama akamkamata shingo kwa mikono miwili. Nikasema, "Cheka kidogo, mama." Akaonyesha meno. Nikapiga picha sita, nikashukuru, nikapanda boda. Dakika tatu, labda nne. Jina la mbuzi sikuliandika kwa sababu kwenye fomu hapakuwa na nafasi ya jina la mbuzi.

Miezi ikapita. Picha moja kati ya zile sita ikawekwa kwenye kalenda ya ukutani. Mama Subira akawa mwezi wa tatu. Chini yake kuna maandishi ya Kiingereza ambayo maana yake ni hii: mkimbizi mnufaika na mbuzi wake, Nakivale. Yeye aliiona siku alipoenda ofisini kuuliza mambo ya kadi. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba yuko ukutani.

Jioni yake akaja kwetu. Akakaa, akapewa maji, akanywa taratibu. Halafu akasema kwa Kiswahili chetu cha Kivu:

"Mtoto wangu, ulinipiga foto sawa mutu mwenye aliiba mbuzi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Angalia mikono yangu. Ninamukamata shingo sawa vile niko nakimbia naye. Angalia nguo, iko ya batu wengine, inapita juu ya nguo yangu. Na yale meno. Mutu mwenye yuko kwake na nyama yake, anaonyesha meno ya nini?"

Nilipoitazama tena ile picha kwenye simu, kweli. Uso wa mtu aliyeshtukizwa. Mbuzi anaangalia pembeni, macho yametoka. Vitu viwili vilivyokutana dakika hiyohiyo.

Lakini hilo lilikuwa nusu tu ya neno lake. Mnajua mwaka 2023 hapa Uganda chakula kilianza kugawanywa kwa makundi matatu: waliopata zaidi, waliopata kidogo, na ambao hawakupata kitu kwa sababu walihesabiwa kwamba wanajiweza. Mama Subira anakaa na wajukuu wawili. Msimu uleule wa kalenda akaambiwa yuko kwenye kundi la tatu. Na kisimani watu wakamwambia, wee mama si walikuona ukutani na mbuzi wako unacheka, wameona umetajirika.

Nilimweleza kwamba orodha haitengenezwi kwa kuangalia kalenda. Nilieleza vizuri, kwa heshima, kama nilivyofundishwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa kama ile foto haina nguvu, mulikuwa mnaipiga ya nini?"

Sikuwa na jibu. Nikamsindikiza mpaka kwake, tukaachana bila maneno mengi.

Kilichonifungua macho kidogo kilikuja baadaye, kwenye mafunzo ya picha ya vijana. Kaka mmoja anayejitolea kutufundisha alileta kompyuta na projekta, akafunga madirisha kwa mablanketi, akasema leo hatuangalii picha za habari wala za ripoti. Leo tunaangalia picha za sanaa, zile zinazotundikwa kwenye majumba ya maonyesho na kuchapwa kwenye vitabu vikubwa. Halafu akaweka ukutani mtu na fisi.

Fisi kweli, si mchezo. Mwanaume amesimama kando ya barabara, mkononi ana mnyororo mnene kama wa kuvutia gari, na upande mwingine wa mnyororo kuna fisi mkubwa amefungwa mdomo. Nyuma yao ni zege, vumbi, na anga isiyo na rangi. Mwanaume anatuangalia sisi. Hana haraka. Darasa lote likapiga kelele.

Zile picha ni za Pieter Hugo, mpiga picha wa Afrika Kusini, na kitabu chake kilitoka 2007 kwa jina The Hyena & Other Men. Mwanzo wake ulikuwa picha mbaya iliyopigwa kwa simu kupitia dirisha la gari huko Lagos, Nigeria: wanaume wanatembea barabarani na fisi. Picha ikazunguka, na maneno yakazunguka nayo. Hawa ni wezi wa benki. Hawa wanauza madawa ya kulevya. Hawa wanatumwa kudai madeni, usipolipa wanakuletea fisi. Hugo akasaidiwa na mwandishi wa habari wa Nigeria kuwatafuta, akawakuta kwenye makazi ya watu maskini pembeni mwa Abuja. Kumbe ni familia. Wanaume wachache ambao ni ndugu, mtoto mmoja wa kike, fisi watatu, nyani wanne na machatu. Kwa Kihausa wanaitwa Gadawan Kura. Kazi yao ni kuzunguka sokoni, kucheza na wanyama mbele ya watu, kisha kuuza dawa za kienyeji. Wamerithi kazi hiyo kwa baba zao.

Hugo alisafiri nao siku nane mwaka 2005. Kuna kitu alikisimulia ambacho kilituchekesha sana. Walitaka kwenda kaskazini kwa teksi. Mmoja akasimama barabarani kupatana bei na dereva, na wengine wote, pamoja na fisi, nyani, machatu na mpiga picha mwenyewe, wakajificha vichakani. Bei ilipokubaliwa, wote wakatoka mbio wakarukia garini. Dereva alitetemeka. Hugo akakaa mbele, yeye na nyani mmoja. Sisi tunaobeba kuku na magodoro kwenye gari moja tulimwelewa yule dereva kabisa.

Jambo la maana ni kwamba zile picha za kelele za sokoni, za watu wamejaa wanashangaa, Hugo anasema alijaribu na zikamshinda. Akaacha. Badala yake akawa anatembea na mmoja wao na mnyama wake, mtaani tu, na mahali panapofaa wanasimama. Ndo maana katika picha hakuna umati wala maonyesho. Kuna mtu, kuna mnyama, kuna mnyororo katikati yao. Katika picha moja yule mtoto wa kike amekaa juu ya mgongo wa fisi kama wewe unavyokaa kwenye benchi. Nyingine kuna nyani aliyevalishwa nguo za mtu. Na baada ya miaka miwili akarudi kwao tena. Walikuwa wameendelea kuwasiliana, nao wakataka wapigwe tena. Zile za mara ya pili zinaonekana tofauti, watu wametulia zaidi, wako karibu zaidi.

Darasani ugomvi ukaanza. Nusu wakasema huu ni ukatili, mnyama wa porini kumfunga mnyororo na kumziba mdomo. Nusu wakauliza: na wale watu, wanakula nini? Mwalimu akatuambia kwamba Hugo alikutana na ugomvi huohuo. Watu wa Ulaya wakiziona picha zake walimuuliza juu ya hali ya wanyama. Yeye akaona swali hilo linapita pembeni. Kwa maoni yake afadhali mtu aulize kwa nini watu wale wanalazimika kukamata mnyama wa porini ili wapate kula, katika nchi yenye mafuta mengi kama Nigeria.

Mimi nilikuwa kimya. Nilikuwa nawaza kalenda. Mtu akimwangalia Mama Subira ukutani anaona mbuzi ameletwa, basi mambo yameisha. Hakuna anayeuliza kwa nini mama wa umri ule, aliyezaliwa kwenye ng'ombe, leo anapigwa picha kwa ajili ya mbuzi mmoja.

Maana Mama Subira ametoka juu kwenye Hauts Plateaux, Kivu Kusini. Kule ng'ombe ndo mahari, ndo shule, ndo hospitali. Vita vilipozidi, mifugo iliporwa na vijiji vikachomwa. Aliondoka akiwa na kamba mkononi, anasema, lakini mwisho wa kamba hapakuwa na kitu.

Wiki iliyofuata mwalimu akaleta picha nyingine, za Mwingereza aitwaye Nick Brandt. Huyu kwa miaka mingi alikuwa anapiga picha za wanyama wa Afrika Mashariki, hasa Amboseli. Mwaka 2020 akaanza kazi mpya huko Zimbabwe na Kenya, akaiita The Day May Break. Ni picha nyeusi na nyeupe. Ndani yake kuna watu walioharibiwa maisha na hali ya hewa: wakulima ambao ukame umemaliza shamba, watu ambao mafuriko yamebeba nyumba. Na katika picha hiyohiyo kuna mnyama, tembo, twiga, duma au kifaru. Ukungu umewazunguka wote.

Mwanzo tulisema ni uongo wa kompyuta. Hapana. Mtu na mnyama walikuwa pale pamoja, wakati mmoja. Wanyama wale wanaishi kwenye makao ya wanyama waliookolewa. Wengine mama zao waliuawa na majangili, wengine walikosa pori la kuishi. Wamezoea watu, ndo maana mgeni anaweza kukaa karibu nao. Ukungu ndo ulikuwa wa mashine, mashine ya maji iliyoletwa palepale, ili ionekane kwamba dunia waliyoijua inafifia.

Mmoja wao ni Najin. Najin ni kifaru jike wa Ol Pejeta, Kenya, na katika vifaru weupe wa kaskazini wamebaki wawili tu duniani, yeye na binti yake Fatu. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 2018. Najin na binti yake wanalindwa na askari wenye bunduki usiku na mchana. Kijana mmoja nyuma akasema, "Kifaru ana askari wake, mimi baiskeli imeibiwa mara mbili." Tukacheka mpaka mwalimu akazima projekta tupumzike.

Halafu mwalimu akasema sentensi moja iliyotunyamazisha: wengi wa wanyama wale hawawezi kurudishwa porini tena. Wameokolewa, wanakula, wanatibiwa, lakini pori lao halipo au halina usalama. Dada mmoja akasema polepole, "Basi ni wakimbizi."

Hapo tena maneno. Wengine hawakupenda. Wakasema, kule tulikotoka tuliitwa wanyama kabla ya kufukuzwa, sasa na kwenye sanaa tuwekwe na wanyama? Hilo si neno dogo. Wote mliopita kwenye mabarabara yale mnajua majina tuliyoitwa. Mtu akikuita mnyama anakuondolea jina ili aweze kukufanyia analotaka.

Mimi nikasimama nikasema nilichokiona, na bado nakiamini. Picha za Brandt na za Hugo zina majina. Chini ya picha limeandikwa jina la mtu na jina la mnyama, pamoja. Fisi wa Nigeria ana jina, Mainasara, na mwingine Jamis. Yule nyani anaitwa Clear. Najin ni Najin. Na watu wengi nao wanatajwa. Kwa hiyo kuwekwa pamoja na mnyama si ndo kudharauliwa. Kwenye kalenda yetu mama hakuwekwa jina na mbuzi hakuwekwa jina. Ilikuwa mkimbizi na mbuzi, kama kikombe na sahani.

Kitu cha pili nilichokiona: hakuna anayecheka. Wala hakuna anayelia. Sisi tumezoea amri mbili tu mbele ya kamera, ama tabasamu kwa sababu umesaidiwa, ama huzunika kwa sababu bado hujasaidiwa. Wale wameachiwa nyuso zao. Brandt baadaye, mwaka 2024, alienda mpaka Jordan akapiga picha familia za wakimbizi wa Syria, safari hii bila wanyama. Wamesimama na kukaa juu ya masanduku yaliyopangwa katikati ya jangwa, wameegemeana. Nilitafuta nyuso zao niseme hawa wana huzuni au wana furaha, nikashindwa. Wako pamoja tu, wanatazama mbele.

Sitaki mfikiri kwamba nawasifu tu. Dada yuleyule aliuliza tena swali ambalo lilikaa darasani kama mgeni asiyeondoka: "Na wenye fisi, wao walipata nini?" Wapiga picha wote wawili wametoka nje, wana kamera kubwa, na picha zao zinauzwa kwenye majumba ya sanaa. Mwalimu hakulijibu. Alisema ukishika kamera swali hilo linakuwa lako, na ulijibu kabla ya kubonyeza.

Basi nikarudi kwa Mama Subira.

Nilienda bila fomu, bila boda na bila fulana. Nikamwambia, "Mama, nilikukosea. Nataka nipige tena, ya kwako, si ya ofisi. Ukikataa nitaelewa." Hakujibu siku hiyo. Alinipa kazi ya kumfungia banda, ubao ulikuwa umelegea. Siku ya tatu akanituma mtoto: njoo kesho, saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala.

Nilipofika nilikuta Subira ameogeshwa. Mbuzi ameogeshwa kwa sabuni, jamani, na pembe zimepakwa mafuta. Mama amevaa kitenge ambacho sikuwahi kukiona, amefunga kitambaa kichwani, miguuni ana viatu vya kanisani. Alikuwa ameshachagua mahali pa kusimama, mbele ya ukuta wa udongo wa nyumba yake. "Hapa ndo nilijenga na mikono yangu," akasema. Upande wa turubai hakuutaka.

Nitawaambia niliyojifunza kwa mikono, maana wengi mnapiga kwa simu kama mimi. Usimpige mbuzi kutoka juu, ataonekana kama kiti. Shuka, weka goti chini, simu iwe usawa wa kifua cha mtu na macho ya mnyama, hapo wote wawili wanakuwa na kimo. Usivute picha kwa vidole, sogea wewe mwenyewe. Mnyama haambiwi "angalia hapa", unasubiri mpaka akuzoee. Mimi nilikaa chini karibu saa nzima sijapiga kitu, nashikilia majani ya viazi vitamu. Subira alikula majani, akala na ncha ya kitenge, mama akamkemea kwa jina lake, na yeye akageuka akamwangalia. Huko kuangaliana hukupangi.

Wakati tunasubiri ndo aliponisimulia ng'ombe wake. Alikuwa anawataja mmojammoja, kwa rangi na kwa pembe, kama unavyotaja watoto wa ukoo. Yule mwenye doa, yule wa pembe zilizofungana, yule mkorofi aliyependa kulala njiani. Aliwataja kumi na mmoja bila kukosea, nikijua kwa sababu alirudia orodha mara mbili. Halafu akaweka mkono juu ya mgongo wa Subira, si shingoni, mgongoni tu, mkono wazi. Kamba ilikuwa imelala chini.

Jirani alikuwa anawasha kuni, moshi ukapita mbele ya ukuta polepole. Nikawaza, Brandt alileta mashine, sisi tumepewa na jirani bure. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena mara nne. Giza likaingia.

Nilimwonyesha zote tano. Nne akakataa palepale. Moja akaiangalia mpaka simu ikajizima yenyewe, nikaiwasha tena. Akasema, "Huyu ni mimi." Nikamuuliza niandike nini chini yake. Nilitegemea atasema jina lake na la mbuzi. Alilisema, lakini akaongeza:

"Andika mtoto wa kwanza wa Subira nilishatoa. Nilimupeleka kwa mikono yangu kwa jirani. Kule ofisini banasema mimi ni mwenye alipewa. Andika mimi ni mwenye alitoa."

Jamani, mimi mwenyewe ndo niliyeandika kwenye daftari la mradi siku yule mtoto wa mbuzi alipohamishwa. Niliandika tarehe na rangi. Haikuniingia akilini kwamba siku ile mama yule, aliyekimbia na kamba tupu, alikuwa amempa mtu mwingine mfugo. Kwao huko juu, mtu anayetoa mfugo ni mtu mwenye jina. Picha yangu ya kwanza ilikuwa imemnyang'anya jambo hilo, na tabasamu nikaliomba juu yake.

Nilichapisha picha ile mjini, nakala mbili kama alivyotaka. Moja yake, moja ya yule jirani aliyepokea mtoto wa mbuzi. Ya kwake ameiweka ndani, juu ya kitanda, ndani ya nailoni ili mvua isiiharibu.

Msitegemee niseme mambo ya chakula yalibadilika. Nilimsaidia kuandika malalamiko, tukayapeleka kwa njia zake, na mpaka naandika hivi bado yuko kundi lilelile. Picha haikumrudishia kilo hata moja. Subira amezaa tena, dume, na dume huyo ameuzwa kwa ajili ya karo ya mjukuu mkubwa. Kalenda imekwisha mwaka wake, ila kwenye ofisi moja bado inaning'inia, mwezi wa tatu, kwa sababu hakuna aliyefunua.

Kaka na dada mnaofanya kazi na sisi, siwaambii muache kupiga picha. Ripoti zinahitaji picha, naelewa, na bila ripoti labda hata mbuzi wasingekuja. Nawaomba vitu vya kawaida. Muulize mtu angependa kuvaa nini. Muulize mnyama anaitwaje, maana mwenye mnyama atakujibu na uso wake utabadilika palepale. Mwambie picha inaenda wapi, na ikitundikwa, yeye awe wa kwanza kuiona. Na kabla ya kuandika "mnufaika", uliza kwanza kama naye hajatoa kitu.

Vijana wenzangu, na sisi tunakosea, tusiwasukumie wageni tu. Mimi ni mkimbizi, yeye ni mkimbizi, tumetoka mkoa mmoja, na bado nilimvika nguo ya watu kwa dakika tatu.

Nilipomaliza kuandika haya nilienda kumsomea. Alikuwa anakata majani, Subira yuko miguuni. Alinirekebisha mahali pawili: nilikuwa nimeandika ng'ombe kumi, na nilikuwa nimesahau viatu. Nikamuuliza kama naweza kuweka na picha, watu waione, maana ni nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Akafikiri. Akasema maneno naweza kuyapeleka, hata ya kunisema mimi vibaya, lakini jina lake la kweli nisiweke. Na foto hapana.

"Ile ya kwanza walishaiona wote," akasema. "Hii iko ya nyumba."

Kwa hiyo hamtaiona. Mkipita kwake mkasalimia vizuri, na mkamuuliza hali ya Subira kwanza, labda atawaingiza ndani awaonyeshe mwenyewe.